Aliyelipa na Aliyesimamishwa: Tabaka katika Picha za Kale za Zanzibar



Ufundi wa kupiga picha wa Mfaransa Daguerre, uliotangazwa Paris mwaka 1839, ulitoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Hapakuwa na nakala, na bei haikuwa ya mchuuzi. Mwaka 1854 mpigapicha Disdéri akasajili mbinu ya kupiga picha ndogo kadhaa kwenye bamba moja. Bei ikashuka, na mwenye duka akaketi kwenye kiti alichokalia waziri. Vitabu vingi husema hapo ndipo kamera ilipowasawazisha watu. Sikubaliani navyo, na ushahidi wangu uko Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Mwishoni mwa karne ya 19 studio zilizovuma Unguja zilikuwa za Wagoa: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, Pereira de Lord. Matajiri na wakubwa walikwenda huko wakalipa, wakachagua mkao, wakaondoka na picha zao. Biashara hiyohiyo ilitoa pia kadi za posta za wanawake waliovaa kanga, wachukuzi na watoto. Chini ya kadi hizo utasoma kabila au kazi. Jina la mtu hulioni. Aliyezinunua alikuwa abiria wa meli aliyetaka kuwatumia jamaa zake Ulaya.

Mwanafunzi anayeanza kuzisoma picha hizi namwambia atazame kichwa na miguu kabla ya uso. Kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, desturi haikumruhusu mtumwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mjakazi alijifunga kaniki, kichwa wazi. Baada ya amri hiyo, wanawake wengi waliotoka utumwani walinunua kanga, tena za mtindo mpya, wakajifunika kichwa. Kwa hiyo kanga pichani yaweza kuwa tangazo la uungwana mpya, lililolipiwa kwa jasho la mwenyewe. Yaweza pia kuwa nguo ya mwenye studio. Jicho peke yake haliamui; lazima tujue nani alilipa na picha ilikwenda nyumbani kwa nani.

Na kuna wasioonekana kabisa. Bibi wa nyumba kubwa alikaa ndani, na akitoka alivaa barakoa. Mpigapicha mgeni angemwona wapi? Ukiamini kadi za posta utadhani kisiwa hakikuwa na mabibi. Hapa kutoonekana ndiko kulikokuwa alama ya cheo, jambo ambalo wataalamu wa picha za Ulaya hulisahau kwa urahisi mno.

Ndiyo maana picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, hunisumbua. Alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akaitwa Emily. Studioni Hamburg alipigwa picha akiwa na mavazi ya binti wa mfalme wa Zanzibar. Angebaki nyumbani, mwanamume wa nje asingemwona hivyo. Kamera ilimpata kwa sababu alikuwa ameshaondoka, na cheo kilichoonyeshwa na nguo zile kilikuwa kimebaki ng'ambo, mikononi mwa ndugu zake waliokuwa wamemkatia uhusiano.