Katiba Hupitishwa Mara Mbili

(Hotuba kwa wakazi wa Thika na Ruiru)



Tumekuja kuzungumza juu ya katiba, ile tuliyoipitisha kwa kura tarehe 4 Agosti 2010. Hatukupewa kwa hisani. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Waliodai vyama vingi walitiwa kizuizini. Siku ya Saba Saba, mwaka 1990, wengine waliuawa. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, lakini ilitubidi kungoja karibu miaka 19 zaidi ili tupate katiba mpya.

Wapo miongoni mwetu wanaouliza: katiba hii imetuletea nini? Swali hilo ni halali, nasi twalijibu kwa mambo ya hapa nyumbani. Kabla ya mwaka 2013, Thika na Ruiru zilikuwa katika eneo bunge moja la Juja. Leo kila mji una mbunge wake. Mabaraza ya miji yaliyokuwa chini ya amri ya waziri wa Nairobi yameondoka, na bajeti yetu hupitishwa na bunge la kaunti ya Kiambu tunalolichagua wenyewe.

Hata hivyo, maandishi hayajilindi yenyewe. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Viti vikibaki vitupu siku ya kujadili bajeti, wachache watagawana kilicho chetu, kisha watuambie kwamba tulishirikishwa. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo twawasihi: katiba tuliyoipitisha kwa kura, tuipitishe tena kwa vitendo. Mchuuzi wa sokoni, mfanyakazi wa kiwandani na kibarua wa shamba la kahawa, kila mmoja afike mkutanoni aulize: soko letu limetengewa kiasi gani? Fedha za dawa za zahanati yetu zimekwenda wapi? Kifungu cha 3 kinamtwika kila mtu wajibu wa kuilinda katiba, wajibu tusioweza kumwachia mbunge wala gavana.

Katiba ni yetu. Tuisome, tuitumie, tuilinde.