Mbegu Chache za Kiume: Baba Naye Apimwe

 

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Mume na mke wameoana, mwaka umepita, wa pili umepita, mtoto hakuna. Nani hulaumiwa? Ni mke. Kliniki huja peke yake, ameshakunywa makombe, ameshapelekwa kwa waganga, na nyumbani ameshasikia kwamba mume atatafutiwa mke mwingine. Nikimuuliza, "Mumeo ameshapimwa?" hunijibu, "Yeye ni mzima."

Mzima kwa kipimo gani, dada yangu? Mwanamume aweza kuwa na nguvu za kiume, akatoa manii kama kawaida, na bado mbegu zilizomo zikawa chache. Kwa macho hazionekani. Hata aliyewahi kuzaa, leo huenda zimepungua. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo la mume lina sehemu yake, peke yake au pamoja na la mke.

Mbegu chache ni ngapi? Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, zikiwa chini ya milioni 16 katika mililita moja ya manii huhesabiwa kuwa chache. Chache si kusema hakuna. Wapo wanaume wenye mbegu chache waliopata watoto, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Ni nini huzipunguza? Korodani hutengeneza mbegu vizuri zikiwa na joto la chini kidogo kuliko la mwili. Mishipa ya damu ikivimba juu ya korodani, kazi hiyo huharibika. Busha, ambalo sisi watu wa pwani twalijua sana, nalo likiwa kubwa laweza kuzidhuru. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huweza kuziba mirija. Sigara, bangi, pombe nyingi na unene uliozidi huchangia. Homa kali, kama ya malaria, huzipunguza kwa muda. Na wapo vijana wanaodungwa sindano za homoni ili wajenge misuli. Sindano hizo huweza kukomesha kabisa utengenezaji wa mbegu. Wakati mwingine sababu haijulikani.

Sasa mfanye nini? Mkikaa mwaka mmoja mkikutana mara kwa mara bila kupanga uzazi, nendeni kituo cha afya, nyote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Baba hupimwa manii. Kabla ya kipimo akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Manii yafike maabara kabla ya saa moja kupita. Kwa hivyo anayetoka Vanga na kuelekezwa Msambweni asiyabebe kutoka nyumbani; kwa matatu, saa hiyo itamwishia njiani. Ayatoe huko huko hospitalini. Kipimo kikionyesha upungufu, hurudiwa, kwani kimoja hakitoshi kuamua.

Tiba hufuata sababu. Maambukizi yana dawa. Busha na mishipa iliyovimba hufanyiwa upasuaji. Anayevuta sigara aache. Lakini awe na subira, kwani mbegu huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa. Mkutane kila baada ya siku mbili au tatu. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani haziongezi mbegu, na nyingine ni hatari kwa moyo. Nisiwadanganye: wapo wasiopona, na hao daktari huwaeleza njia nyingine. Lakini kukosa mbegu si kukosa uanaume.

Mama mwenye mtoto wa kiume, nawe una kazi. Umwogeshapo, angalia kama korodani zote mbili zimeshuka. Akifika miezi sita na moja haijashuka, mpeleke hospitali. Upasuaji hufaa zaidi kabla hajafika mwaka mmoja na nusu. Na mvulana aliyebaleghe akiugua matumbwitumbwi, kisha korodani zikamvimba, asifichwe ndani kwa aibu. Apelekwe siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya ghafla ya korodani, hata bila ugonjwa huo, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mwisho, nasema nawe mama mkwe. Mwanao huenda asimsikilize mkewe, wala mimi muuguzi. Wewe atakusikiliza. Kabla hujamwambia aoe mwingine, mwambie, "Mwanangu, nenda nawe ukapimwe." Neno hilo moja laweza kuokoa ndoa, na huenda ndilo litakalokuletea mjukuu.

Nawe dada uliyebeba lawama peke yako, usiibebe tena. Safari ya kliniki ni ya watu wawili.