Takwimu za Kuazima Hazisitiri

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma wa Kasulu na Kibondo)



Kabla ya umeme wa gridi ya taifa kufika mkoani Kigoma mwaka 2022, taa za miji hii miwili ziliwashwa kwa jenereta za dizeli. Zilipozimwa tulishangilia kupungua kwa gharama na kelele. Wachache waliuliza moshi ule ulikuwa na nini ndani yake, na ulifika wapi. Swali hilo halikuzimika pamoja na jenereta. Malori yangali yakipita katika barabara zetu, na kila mradi mpya huja na mashine zake.

Katika moshi huo imo gesi ya nitrojeni dayoksaidi, ambayo hudhuru mapafu, hasa ya watoto na wagonjwa wa pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Nasi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007.

Lakini sheria humtaka ofisa aamue kabla mtambo haujajengwa. Hawezi kupima moshi ambao haujatoka. Hana budi kutegemea hesabu za kukadiria. Hapo ndipo penye ugumu, nao ni wa namna tatu.

Kwanza, gesi yenyewe ni kigeugeu. Sehemu kubwa ya kinachotoka bombani ni nitriki oksaidi. Hiyo hukutana na ozoni iliyomo hewani, ikageuka nitrojeni dayoksaidi; kisha mwanga wa jua huirudisha tena nyuma. Mkadiriaji akidhani kwamba yote imegeuka, atakuza madhara na pengine kuuzuia mradi usio na hatia. Akidhani kwamba ni kidogo tu iliyogeuka, mtoto wa shule iliyo jirani ndiye atakayelipa. Ili kukata shauri kwa haki, sharti ijulikane ozoni ya mahali hapo ni kiasi gani.

Pili, upepo. Upepo wa Kigoma mjini huongozwa na Ziwa Tanganyika: mchana hutoka ziwani, usiku huelekea ziwani. Hauwezi kuazimwa ukatumika Kasulu, penye vilima na mabonde, ambako asubuhi za baridi hewa hutulia bondeni na kuufungia moshi humo.

Tatu, mtambo haukuti hewa safi. Mioto ya nyika wakati wa kiangazi hutoa gesi hiyo hiyo. Hata udongo mkavu hutoa nitriki oksaidi kwa wingi mvua za kwanza zinapounyeshea. Asiyejua kilichokuwamo hewani tangu awali hawezi kusema kwa yakini mtambo umeongeza nini.

Wako wanaosema satelaiti zitatuokoa. Ile ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2017 huiona gesi hii duniani kote. Lakini huona jumla ya gesi kutoka juu hadi chini, katika eneo la kilometa kadhaa; haioni hewa avutayo mwanafunzi dirishani.

Tufanye nini basi? Tangu mwaka 1976 kuna vibomba vidogo, vilivyobuniwa na Palmes wa Marekani, vinavyonasa gesi hii bila umeme. Huning'inizwa kwa majuma kadhaa, kisha hupelekwa maabara. Havionyeshi kilele cha saa moja, bali wastani. Hata hivyo, wastani uliopimwa hapa una thamani kuliko dhana iliyotoka mbali. Shule zinaweza kuvitunza, na walimu wa sayansi wakapata somo lisilo la ubaoni tu.

Nawe ofisa, ripoti ya mradi ikifika mezani, uliza: Upepo huu ulipimwa wapi? Ozoni hii ni ya nani? Hewa ilikuwaje kabla? Pasipo majibu, usitie sahihi kwa sababu tu jedwali limepangwa vizuri.

Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Takwimu za kuazima nazo ni vivyo hivyo.