Kuchomelea Kasha la Gia Lililopasuka kwenye Mashine ya Boti



Mada hii inahusu kasha la gia la mashine ya boti, lile tunaloliita mguu, linapopata ufa. Kasha likirudi baharini na ufa uliozibwa juujuu, atakayepata taabu ni nahodha na watu wake, tena wakiwa mbali na nchi kavu. Hoja yangu ni kwamba moto ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kasha linapasuka tena mahali palepale kwa sababu ya uchafu ulioachwa ndani ya ufa, au kwa sababu halikustahili kuchomelewa tangu mwanzo.

Dalili ya kwanza iko kwenye oili ya gia. Fungua skrubu ya chini. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hata hivyo, sili zilizochakaa nazo huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo utafute ufa wenyewe. Osha kasha, likaushe, paka maji ya chaki upande wa nje, na chaki ikikauka pakaza mafuta ya taa upande wa ndani. Mafuta hupenya taratibu na kuchora mstari juu ya chaki. Mara nyingi mstari huo ni mrefu kuliko ufa ulioonekana kwa macho. Fuata mstari, si macho, na utoboe tundu la milimita 3 kila mwisho wake ili ufa usiendelee kukimbia.

Sasa amua. Ufa kwenye pezi lililo juu ya propela, au kwenye ukuta wa njia ya maji, unatengenezeka. Ufa uliopita kwenye kiti cha beringi ni jambo lingine: joto hupinda kiti, gia hazikutani sawasawa, na meno yake hulika upesi.

Hapa kwenye usafi naomba tukae kidogo. Alumini ya kumimina ina vitundu vidogo vinavyokunywa oili na chumvi kwa miaka. Pasha kasha joto la wastani, litatoa jasho la oili. Futa, pasha tena, futa tena, mpaka kitambaa kitoke safi. Panua ufa uwe na umbo la V kwa kutumia biti ya kabaidi. Jiwe la kusagia huacha chembe zake ndani ya metali laini. Sugua kwa brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kisha malizia na asetoni. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie kazi hii kabisa, kwani ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua.

Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Ndiyo maana tunatumia mashine ya TIG yenye umeme wa AC na gesi ya agoni: umeme huo huivunja ngozi hiyo. Pasha kasha hadi kama nyuzi 150 kwanza. Alumini haiwi nyekundu ikipata moto. Hukaa na rangi yake mpaka ianguke ghafla. Paka sabuni ya mche kando ya ufa. Ikigeuka nyeusi, umepitiliza. Waya wa 4043, wenye silikoni asilimia 5, unafaa kwa makasha mengi. Chomelea vipande vifupi, kisha lifukie kasha kwenye mchanga mkavu lipoe polepole.

Vijiti vya zinki vinavyoyeyushwa kwa tochi ya gesi sivipendekezi chini ya maji ya chumvi: bahari hula zinki kabla ya alumini, na kiraka ndicho kitakachotangulia kuliwa. Gundi ya epoksi ni ya kumfikisha mtu nyumbani tu.

Kabla ya kulikabidhi, jaza kasha hewa ya psi 10, lizamishe kwenye pipa la maji na utazame mapovu. Funga kipande kipya cha zinki cha kinga na usikipake rangi. Mwenye boti akikubembeleza umchomelee ufa wa kwenye kiti cha beringi kwa kuwa kasha jipya ni ghali, mkatalie, na umweleze sababu.