Fizikia ya shule ndogo na bomba la kwetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Komite imeniomba nijibu swali moja. Binti wa mwanachama wetu amepata diploma ya Serikali, seksio ya matematika-fizikia. Sasa amepata burse ya kusoma fizikia kwenye koleji ndogo huko Marekani. Burse inalipa masomo na chakula, lakini tiketi na viza hapana. Wengine wanasema: "Kama si udaktari wala uinjinia, franga zetu zinaenda wapi?" Swali hilo ni la haki. Mimi nilitoka kambini Tanzania, tukapelekwa Marekani, nikasoma fizikia kwenye koleji kama hiyo kabla ya kurudi. Nitasema uzuri na ubaya.

Kwanza, kwetu kolezhi ni sekondari. Kule ni chuo kikuu kidogo, mara nyingi wanafunzi elfu moja au mbili, miaka 4. Mwanafunzi wa fizikia anasoma pia historia, lugha, falsafa. Mwanzoni nilikasirika: nimekuja juu ya fizikia, mbona ninaandika kurasa kumi juu ya vita vya Wagiriki? Leo nusu ya kazi yangu ni kuandika ripoti na kusikiliza watu. Sasa njo naelewa.

Pili, pale hapakuwa na wanafunzi wa doktora. Profesa mwenyewe anafundisha, mwenyewe anasahihisha, na akifanya utafiti, wa kumsaidia ni ninyi. Mwaka wa mwisho tulikuwa 7 tu darasani. Mtihani wa kwanza nilianguka. Mwalimu alinishika nje ya labo, tukakaa ubaoni mpaka giza. Kosa halikuwa hesabu: nilikuwa ninakimbilia hesabu kabla ya kuchora picha ya tatizo.

Na msifikiri shule ndogo inatoa watu wadogo. Arthur Compton alimaliza Wooster, Ohio, mwaka 1913, akapata Nobel ya fizikia 1927. Joseph Taylor alimaliza Haverford 1963, akapata Nobel 1993. John Mather alimaliza Swarthmore 1968, akapata Nobel 2006.

Ubaya nao upo. Kozi za juu ni chache, na mashine za labo pia. Anayetaka uinjinia mara nyingi anaongeza miaka kwenye chuo kingine. Na ukimaliza, hakuna mlango wenye kibao "tunatafuta mwanafizikia". Mimi nilikaa miezi 8 nikipanga makartoni kwenye depo. Mjomba aliniuliza kwa simu: "Mutoto, ulisoma miaka ine juu ya kubeba makarto?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja hapa. Mnakumbuka bomba lililopasuka mara 3 msimu mmoja, kule kijiji cha chini. Tulinunua tuyo mpya, ikapasuka tena. Watu walianza kunong'ona kwamba jirani fulani anaikata usiku. Nilikaa nikachora picha. Kila mita 10 za mteremko zinaongeza presha ya karibu bari 1. Kutoka tangi mpaka robine za chini ni mita 130, yaani bari 13 wakati robine zote zimefungwa. Na tuyo yenyewe imeandikwa PN 10: inavumilia bari 10. Njo sababu ilipasuka usiku, watu wamelala na robine zimefungwa! Tulijenga katikati kisanduku cha kuvunja presha. Maji yanamwagika humo, yanapata hewa, yanaanza tena kutoka sifuri. Tangu pale tuyo haijapasuka, na yule jirani anasalimiwa na watu.

Wapenzi, siwezi kuahidi kwamba binti huyu atarudi. Mimi nilirudi, wenzangu wengi hawakurudi. Lakini naomba tumsaidie: nusu iwe zawadi, nusu mkopo, arudishe kidogo kidogo akianza kazi, ili mwingine naye aende. Yeye namwambia: binti yangu, ongeza kozi za ordinatere na takwimu, ugonge mlango wa profesa kabla hujaanguka, na uchore picha kwanza.

Kapu linapita sasa.