Tukienda Mkutanoni, Twende na Neno Letu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi la Kitengela. Tumeipiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu, na wale wa Isinya na Kajiado ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu wanachama,

Tumeombwa tuseme juu ya jambo lililoleta mabishano katika tawi letu. Je, sisi wafanyakazi twende katika mikutano ya hadhara na maandamano ya kumwunga mkono kiongozi wa siasa, au tukae nyumbani? Wako wanaosema siasa si kazi ya chama cha wafanyakazi. Wako wanaosema asiyekwenda ni msaliti. Sisi wa halmashauri hatukubaliani na hawa wala wale.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku mjini Nairobi. Thuku alikuwa mfanyakazi kama sisi, mpokea simu katika ofisi ya Hazina. Alikuwa amesema wazi juu ya kipande, juu ya kodi, na juu ya waajiri waliotaka kupunguza mishahara. Wafanyakazi waliacha kazi, na tarehe 16 Machi maelfu walisimama mbele ya kituo cha polisi wakitaka afunguliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea mbele ya watu wote. Askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioona kwa macho walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Thuku alipelekwa Kismayu. Aliporudi baada ya miaka mingi hakuwa Thuku yule wa 1922. Mwaka 1935 aliunda chama chake cha kuitii serikali, na wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali. Basi, ndugu, je, damu ile ilimwagika bure? Hatusemi hivyo. Watu wale walitaka kipande kiondoke na mshahara usikatwe, na dai hilo halikubadilika Thuku alipobadilika. Wengine walilichukua wakaendelea nalo.

Mmoja wao alikuwa Makhan Singh, na mwenziwe Fred Kubai. Walikamatwa tarehe 15 Mei 1950, na kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Angalieni jinsi walivyopanga maneno yao. Walidai viongozi wao wafunguliwe. Na pamoja na hayo walidai mshahara wa chini uwe shilingi 100. Dai la mtu na dai la mkate vilikwenda pamoja. Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka mwaka 1961.

Nanyi wa Kajiado msidhani habari hizi ni za Nairobi tu. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Kajiado ilifanywa kambi ya kuwafungia waliokamatwa, na mwandishi Gakaara wa Wanjau alikuwa mmoja wao. Athi River nako kulikuwa na kambi. Mahali tunapopita kila asubuhi kwenda kazini, wengine walipita wamefungwa pingu.

Tuje karibu. Tarehe 30 Desemba 2002 Bwana Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru mbele ya umati mkubwa, na wengi wa huku walishangilia. Lakini mashine za EPZ pale Athi River hazikushona kwa mshahara mpya kwa sababu ya kushangilia. Mwezi uliofuata, Januari 2003, wafanyakazi wa EPZ walilazimika kugoma wenyewe. Wengine walifukuzwa kazi. Rais mpya alipatikana kwa kura, na bado kazi yetu ilibaki kufanywa na sisi.

Kuanzia tarehe 20 Machi 2023 upinzani, ukiongozwa na Bwana Raila Odinga, uliitisha maandamano juu ya uchaguzi na juu ya bei ya unga. Tarehe 12 Julai mwaka ule Kitengela na Mlolongo zilijaa moshi wa machozi, na watu waliuawa katika miji kadhaa ya nchi. Mwaka 2024 baadhi ya wakuu wa upinzani waliingia katika baraza la mawaziri, na tarehe 7 Machi 2025 Bwana Odinga alitia sahihi mapatano na Rais Ruto. Tarehe 15 Oktoba 2025 alifariki dunia. Hatusemi haya kumlaumu marehemu. Mwanasiasa ana haki ya kupatana na mwenziwe. Tunauliza tu: siku ya kupatana, nani alikaa mezani kwa niaba ya dada anayeshona suruali kwa kuhesabiwa vipande?

Na Juni 2024 vijana walitoka bila kumbeba mtu yeyote mabegani. Neno lao lilikuwa Mswada wa Fedha ukataliwe. Tarehe 25 Juni walitoka Kitengela kama walivyotoka Nairobi na Mombasa, na tarehe 26 Rais alisema hatautia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Bei hiyo ni kubwa mno, wala hatumhimizi mtu kuilipa. Lakini kila mtu alijua walichokuwa wakitaka, na hakuna aliyeweza kukiuza kwa niaba yao.

Sasa tuseme ya nyumbani. Wapo kati yetu waliopakiwa kwenye lori hapa Kitengela wakapelekwa mkutanoni Kajiado, wakiahidiwa posho na nauli ya kurudi. Mheshimiwa alipomaliza kusema, gari lake liliondoka, na malori hayakuonekana tena. Walitembea usiku kuelekea Isinya. Asubuhi walikosa zamu, na siku ile haikulipwa. Bendera ya tawi waliyokwenda nayo haijarudi mpaka leo.

Kwa hiyo halmashauri inashauri hivi:

1. Kila mwanachama ni raia. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Tawi halitamkataza mtu wala kumlazimisha.

2. Mwenye kwenda ahakikishe kwamba polisi wamepewa taarifa, siku 3 mpaka 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ghasia zikianza, aondoke, asimwache mwenziwe nyuma.

3. Aombe ruhusa kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfukuza asiyefika bila ruhusa wala sababu ya haki. Na mgomo wa kumsaidia mwanasiasa haulindwi na sheria kama mgomo wa mgogoro wa kazi.

4. Bendera na jina la tawi visitoke bila azimio la mkutano wa wanachama.

5. Kiongozi yeyote akituita, tumpelekee kwanza karatasi yenye madai yetu: mshahara, vibarua wa muda mrefu kuandikwa kazi ya kudumu, na usalama wa akina mama wanaotoka zamu usiku. Akiyakubali, ayaseme jukwaani mbele ya watu wote, nasi tutayaandika pamoja na tarehe.

Ndugu, makofi hayana risiti. Karatasi ile itabaki katika jalada la tawi, na siku mheshimiwa atakapobadilika, au atakapotutoka duniani, tutaichukua twende nayo kwa atakayekaa katika kiti chake.

Katibu yuko mezani. Anayetaka kuongeza dai aandikishe sasa, kabla hatujatawanyika.