Simu ni Yako, Habari ni ya Mwananchi

Mhadhara wa umma, Kalimoni, Kaunti ya Kiambu

Nimeombwa nizungumze kuhusu kanuni za mtumishi wa umma katika mitandao ya kijamii. Naomba nianzie Nakuru, kwa chifu.

Mwaka 2012 dunia ilisikia habari za Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja. Saa kumi alfajiri alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe kwenye Twitter, na baada ya dakika chache majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile. Wezi wakatimua mbio. Wengi wa raia wake hawakuwa na simu za bei. Walisoma maneno ya chifu kwenye simu za mulika mwizi, kama ujumbe mfupi wa kawaida. Siku nyingine alitangaza kondoo aliyepotea, wa rangi ya kahawia na nyeupe, mwenye kamba ya nailoni shingoni. Kondoo akapatikana.

Nampenda chifu huyu kwa sababu moja. Kila alichokiandika kilikuwa na mwananchi wa kukipokea na kukitumia. Alisema kama chifu, katika eneo lake, juu ya kazi aliyopewa. Kama angemwendea mwalimu yule asubuhi, akampiga picha amesimama mlangoni na nguo za kulalia, uso umevimba kwa kilio, akaituma kwa dunia nzima, ingekuwa simu ileile na mkono uleule, lakini kazi ingekuwa imeharibika.

Wahenga walisema aijuaye siri ya mtungi ni kata. Mtumishi wa umma ndiye kata. Muuguzi anajua nani kapimwa nini. Karani wa ardhi anajua ndugu gani wanagombania shamba. Mwalimu anajua ni mtoto gani huja shuleni bila kula. Hakuna kati yao aliyezipata habari hizi kwa ujanja wake. Kata huingia mtungini kwa sababu mwenye maji ameichovya. Ndiyo maana nasema swali la kwanza la mtumishi kabla ya kuposti lisiwe kama bosi atakasirika. Ajiulize: habari hii niliipataje? Kama niliipata kwa sababu ya kiti ninachokalia, basi si yangu.

Niruhusuni niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa ameajiriwa katika ofisi ambayo sitaitaja. Siku yake ya kwanza, shati jipya, kitambulisho cha kazi shingoni, tabasamu hadi masikioni, akajipiga picha na kuiweka kwenye stetasi. Mimi nilifurahi pamoja naye. Kisha nikaona kwamba nyuma yake, juu ya kaunta, rejista ilikuwa wazi. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Nikasoma majina matatu, nambari zao za simu, na katika safu ya mwisho, shida iliyomleta kila mmoja. Mmoja wao nilimfahamu. Tulikuwa tunakaa ploti moja. Nilimpigia kijana, akaifuta papo hapo, akaomba msamaha kwa moyo mweupe. Lakini picha ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi, na maji yakimwagika hayazoleki. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemketisha chini kumwambia kwamba rejista ni watu.

Hapa ndipo waajiri wanapokosea. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, iliyowalea watumishi wengi mlio mbele yangu, ilitungwa mwaka 2003. Facebook ilianzishwa Februari 2004. Sheria ile ilikataza kutoa siri za kazi na ilidai mtumishi asiegemee chama, na hayo ni mema, lakini waliotunga maneno yake walikuwa wakiwaza faili la karatasi lililofungwa kabatini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, ikampa kila mtu haki ya faragha, habari za familia yake na mambo yake ya ndani zisifichuliwe bila sababu. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, na hii ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ilikuwa shule ya kibinafsi, lakini mtoto wa shule ya umma analindwa na sheria ileile.

Nakaa kidogo kwa watoto. Kuna video zinazopendwa sana, za mtoto akikosea kusoma huku darasa likicheka, au akijibu swali kwa namna ya kuchekesha. Mwalimu hupata wafuasi. Mtoto hakuulizwa, na hata angeulizwa, angemkatalia vipi mtu anayeshika chaki na alama zake? Atakapokuwa na miaka ishirini, anatafuta kazi, kosa lake la darasa la pili litakuwa bado linazunguka. Walimu wangu, nawasihi, simu ibaki kwenye mkoba.

Na sasa upande wa pili, ambao nauona mzito vilevile. Kanuni hizi zinaweza kugeuzwa kitambaa cha kuziba mdomo. Mtumishi wa umma hakuuza uraia wake alipotia sahihi barua ya ajira. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wake wa kujieleza, mradi asichochee chuki wala vurugu na aheshimu haki za wenzake. Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno hata raia asijue kosa linaanzia wapi. Uganda nako, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta. Chini ya sheria hiyohiyo, Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikuwa ameshtakiwa na kufungwa kwa maneno aliyomwandikia Rais kwenye Facebook. Kwa hiyo mwajiri anayeandika kwamba mtumishi "asiiaibishe taasisi" hajaandika kanuni. Ataje jambo lenyewe: usichapishe picha ya mgonjwa, usitume barua ya ofisi kwenye grupu la familia, usipigie debe mgombea.

Tunajua gharama ya kuchanganya kosa na ghadhabu ya wakubwa. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay kwa chapisho kuhusu afisa wa juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Waliomshika walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Neno, hata likiwa la kosa, hujibiwa mahakamani.

Tena siri ya mgonjwa na wizi wa dawa zake ni vitu viwili. Ya kwanza ni amana. Ya pili haina haki ya kufichwa. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu alipoziona karatasi za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg. Mwaka 1993 zilifika kwa wabunge wa upinzani, nao wakazifikisha bungeni. Alikamatwa, akapoteza kazi, akafa mwaka 2006 bila taifa kumlipa deni lake. Hakuwa na WhatsApp. Angekuwa nayo leo, ningemshauri vilevile: zipeleke bungeni, kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, au kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambako zitageuka ushahidi. Kwenye grupu zingezunguka siku mbili, kisha mwizi akapata nafasi ya kusafisha vitabu. Lakini siwezi kumwomba karani afuate njia hiyo huku serikali ikimwacha peke yake akifika mwisho wake. Wabunge wa Kiambu mnaonisikia, mpeni sheria kamili ya kumlinda.

Nanyi wauguzi, walimu, makarani na chifu, nina ombi moja. Mkifika nyumbani usiku huu, fungueni simu, mtafute picha zote mlizopiga mkiwa kazini. Mkikuta ndani yake mtu ambaye hakuulizwa, au faili lenye jina linalosomeka, zifuteni kabla hamjalala.